Maneno au mada: njia ipi ya kutafuta katika kanzidata za maktaba?

Mwanafunzi mmoja wa uzamili katika afya ya jamii alikaa mbele ya kompyuta ya maktaba yetu, akaandika kichwa kizima cha tasnifu yake katika kisanduku cha PubMed, kanzidata ya makala za tiba. Kichwa kilikuwa cha Kiingereza, na kilihusu sababu zinazoathiri matumizi ya vyandarua vyenye dawa miongoni mwa wajawazito wa Temeke. Hakuacha hata kiunganishi. Matokeo yakaja sifuri. Alinigeukia akasema, kwa sauti iliyochanganya masikitiko na furaha ya chinichini, kwamba basi pengo la utafiti limepatikana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuandika juu ya jambo hilo. Ilinibidi nimvunje moyo. Pengo lilikuwa katika namna alivyouliza: PubMed ilitafuta makala yenye kila neno aliloliandika, na makala pekee ya namna hiyo ingekuwa tasnifu yake mwenyewe, ambayo alikuwa bado hajaiandika.

Tangu siku hiyo nimezoea kueleza tofauti ya njia hizi mbili hivi: unapotafuta kwa maneno, unamuuliza mwandishi alitumia maneno gani, unapotafuta kwa mada, unamuuliza msomaji aliyekutangulia, yaani mkutubi au mtu aliyefaharasisha makala ile, inahusu nini. Watu hawa wawili hawasemi lugha moja, na kwa sisi tunaosoma sana kwa Kiingereza huku tukifikiri kwa Kiswahili, mara nyingi hakuna hata mmoja kati yao anayesema lugha yetu.

Njia zenyewe kwa ufupi

Kutafuta kwa maneno ni kule tulikokuzoea. Unaandika neno, na mashine inalilinganisha herufi kwa herufi na maneno yaliyomo katika kichwa cha makala, katika ikisiri, na katika baadhi ya kanzidata, katika matini yote kuanzia aya ya kwanza hadi tanbihi ya mwisho. Google Scholar, JSTOR (hifadhi ya majarida ya kitaaluma mtandaoni) na mkusanyiko wa majarida ya Afrika uitwao AJOL hufanya kazi kwa njia hii.

Kutafuta kwa mada hutegemea kazi iliyofanyika kabla hujafika. Kila makala au kitabu kilipoingizwa, kilipewa vichwa vya mada kutoka katika orodha rasmi, ambamo kila jambo lina jina moja tu lililoidhinishwa. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kujenga orodha yake mwaka 1898, na ndiyo inayotumiwa na katalogi nyingi za vyuo vikuu vyetu. Tiba ina orodha yake iitwayo MeSH, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1960 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na sasa ina vichwa takribani 30,000. Kanzidata ya elimu iitwayo ERIC ina orodha yake, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina AGROVOC kwa ajili ya kilimo.

Kabla ya kuendelea, niondoe utata mmoja unaowaponza hata wahadhiri. Yale maneno muhimu yanayoandikwa chini ya ikisiri ya makala si vichwa vya mada. Yameandikwa na mwandishi mwenyewe, kwa kadiri alivyoona inafaa, na mwandishi mwingine wa jambo hilohilo anaweza kuwa amechagua mengine kabisa. Ukiyatumia, bado unatafuta kwa maneno.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia hizi kwa vigezo sita, ambavyo ndivyo maswali ninayoulizwa dawatini mara kwa mara: zinahitaji maandalizi gani, zinakusanya kwa ukamilifu kiasi gani pale jambo moja lina majina mengi, zinaepuka vipi makala zisizohusika, zinashughulikiaje habari mpya, zinapokeaje majina ya kwetu na lugha ya Kiswahili, na mwisho, ni rahisi kiasi gani kueleza katika sura ya mbinu za utafiti kwamba ulitafuta hivi na si vile. Vigezo hivi havilingani uzito, kwa hiyo sitavipa nafasi sawa.

Maandalizi

Hapa maneno yana nafuu iliyo wazi. Huhitaji kujua orodha yoyote. Unaandika unachokijua na unapata kitu, hata kama kitu chenyewe si kizuri sana. Mtu mwenye bando dogo na simu mkononi hawezi kulaumiwa kwa kuanza hivyo.

Mada hudai dakika kumi au kumi na tano za mwanzo. Lazima ufungue orodha ya kanzidata husika, uulize jina rasmi la jambo lako, na usome maelezo yaliyo chini yake. Majina hayo hayabahatishiki. Anayetafuta saratani ya mlango wa kizazi hawezi kuotea kwamba katika MeSH imewekwa chini ya "Uterine Cervical Neoplasms", wala anayetafuta malaria ya wajawazito hawezi kujua kwamba kuna kichwa kiitwacho "Pregnancy Complications, Parasitic". Isitoshe, ukihamia kanzidata nyingine unaanza upya, kwa sababu orodha hazifanani. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura anayetumia katalogi za Kifaransa atakutana na orodha nyingine kabisa, RAMEAU, na huko malaria inaitwa "paludisme".

Jambo moja lenye majina mengi

Hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, na ndipo kutafuta kwa maneno kunapoangusha watu bila wao kujua kwamba wameanguka. Tuchukue kile chandarua. Mwandishi mmoja ameandika "bed nets", mwingine "bednets" kwa neno moja, wa tatu "mosquito nets", wa nne "treated nets", na wa tano ameridhika na vifupisho vya ITN au LLIN. Aliyeandika "mosquito nets" peke yake amepata makala nyingi za kutosha kumfanya aamini kwamba amemaliza, wakati nyingine nyingi ziko nyuma ya mlango wa jirani. Katika MeSH, makala zote hizo za vyandarua vyenye dawa, bila kujali mwandishi alichagua neno gani, hukusanywa chini ya "Insecticide-Treated Bednets".

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni jina la lugha yetu wenyewe. Mwanafunzi wa isimu akiandika "Kiswahili" katika katalogi, atapata vitabu vyenye neno hilo katika vichwa vyake, na atawakosa wengi walioandika "Swahili". Hata akiandika "Swahili" atawakosa Wajerumani walioandika "Suaheli" na wamisionari wa karne ya kumi na tisa waliokuwa na tahajia zao. Kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa London mwaka 1882 inaandika "Suahili". Kichwa cha mada cha Maktaba ya Bunge la Marekani ni "Swahili language", na chini yake hukaa pamoja kazi ya Mjerumani, ya Mfaransa, ya Mwingereza na ya Mswahili, hata ile ambayo haina neno "Swahili" popote katika jalada lake.

Vivyo hivyo kwa mjadala usiokwisha wa lugha ya kufundishia. Waandishi husema "medium of instruction", "language of education", "language-in-education policy", na kadhalika kulingana na nchi walikotoka. Katika ERIC kichwa ni kimoja, "Language of Instruction".

Orodha za mada zina faida nyingine ambayo maneno hayawezi kuiiga kwa urahisi, nayo ni mpangilio wa ukoo. Katika MeSH kichwa "Malaria" ni kama mzazi mwenye watoto: "Malaria, Falciparum", "Malaria, Vivax", "Malaria, Cerebral" na wengine. Ukimwita mzazi, PubMed humleta pamoja na watoto wake, isipokuwa umeiambia waziwazi isifanye hivyo. Anayetafuta kwa maneno hana budi kuwataja watoto mmoja mmoja, na ni lazima kwanza awajue.

Hata hivyo, nisiwaonee wanaotumia maneno. Mtu anayelijua vizuri eneo lake la utafiti anaweza kuorodhesha visawe vyote, akaviunganisha kwa OR (yaani "au"), akaweka kinyota mwishoni mwa shina ili kukamata miisho yote, kama "pregnan*" kwa "pregnant" na "pregnancy". Kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu, pengo kati ya njia hizi mbili hupungua sana. Tatizo ni kwamba wachache huifanya.

Kuepuka visivyohusika

Mashine haijui maana. Mwalimu anayetafuta makala juu ya UKIMWI shuleni akaandika "aids" katika kanzidata ya elimu, ataletewa virusi pamoja na zana za kufundishia, kwa kuwa kwa mashine herufi kubwa na ndogo ni sawa, na "teaching aids" ni "aids" vilevile. Katika ERIC vitu hivyo viwili vina vichwa viwili tofauti, "Acquired Immunodeficiency Syndrome (AIDS)" na "Instructional Materials", na hakuna njia ya kuvichanganya. Neno "labour" nalo lina mkanganyiko wa aina hiyo: kwa mkunga ni uchungu wa kujifungua, kwa mwanauchumi ni nguvukazi.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale kanzidata inapotafuta katika matini yote. Neno lililotajwa mara moja katika tanbihi ya ukurasa wa thelathini linatosha kuileta makala ambayo haihusiani na jambo lako hata kidogo. Kichwa cha mada hutolewa pale tu mfaharasishaji alipoona kwamba makala inalizungumzia jambo hilo kwa kweli, na PubMed inakuruhusu hata kudai kwamba liwe mada kuu na si ya pembeni.

Lakini usafi huo una upande wake wa pili. Wakati mwingine unachokitafuta ni kile kilichotajwa pembeni tu. Mwanahistoria anayefuatilia kijiji kimoja, au familia moja ya wafanyabiashara wa Bagamoyo, hatapata kichwa cha mada kwa ajili yake; jina hilo limefichwa katika tanbihi ileile ya ukurasa wa thelathini, na ni utafutaji wa maneno katika matini yote utakaolifukua.

Habari mpya

Orodha rasmi hutembea kwa mwendo wa kobe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza jina COVID-19 tarehe 11 Februari 2020, lakini ugonjwa huo ulipata kichwa kikuu kamili katika MeSH katika toleo la mwaka 2021. Katika kipindi hicho cha katikati, aliyetegemea vichwa vikuu peke yake alikuwa nyuma ya dunia nzima. Aliyetegemea maneno naye hakuwa na raha, kwa sababu makala za mwanzo ziliandika "2019-nCoV" na "novel coronavirus", ila yeye alikuwa na uwezo wa kuyaorodhesha. Hata maneno ya kawaida huchelewa kubadilishwa: Maktaba ya Bunge la Marekani ilibaki na neno "Cookery" kwa mapishi hadi mwaka 2010 ilipoamua kuandika "Cooking", wakati wapishi walikuwa wamekwisha kuliacha neno lile la zamani.

Upo upungufu mwingine ambao watu hawauoni, nao ulinitia aibu mimi mwenyewe. Niliwahi kumtafutia mhadhiri mmoja makala kwa vichwa vya MeSH peke yake, nikampa orodha nikiwa na hakika kwamba haina upungufu. Aliisoma mbele yangu, akauliza kwa upole mbona makala ya mwenzake wa chumba cha pili haimo. Ilikuwamo katika PubMed, lakini haikuwa na kichwa cha mada hata kimoja. PubMed ni pana kuliko MEDLINE, ambayo ni sehemu yake yenye majarida yaliyochaguliwa, na ni makala za MEDLINE ndizo zinazopewa vichwa vya MeSH. Majarida mengi ya Afrika hayamo MEDLINE. Maana yake ni kwamba mtu anayetafuta kwa mada peke yake huwafungia mlango hasa watafiti wa nyumbani kwake, ambao ndio angepaswa kuwasoma kwanza.

Niongeze pia kwamba picha ya mfaharasishaji anayesoma kwa miwani inaanza kuchakaa. Tangu mwaka 2022 vichwa vya MeSH hutolewa kwa kiasi kikubwa na programu, huku watu wakipitia sehemu ya kazi hiyo. Ucheleweshaji umepungua, lakini kuamini kila kichwa kana kwamba kimeandikwa na mtaalamu aliyeisoma makala yote si busara tena.

Majina ya kwetu na lugha yetu

MeSH ina kichwa "Tanzania". Haina kichwa cha Temeke. Kwa jina la wilaya, kata, hospitali, samaki wa Ziwa Tanganyika kwa jina lake la wavuvi, au mmea kwa jina la mganga, maneno ndiyo njia. Katalogi ya vitabu huwa na majina ya miji na mikoa zaidi ya kanzidata za tiba, ila nayo huishia mahali fulani.

Kwa matini za Kiswahili, kila njia ina shida yake. Katalogi hukipa kitabu cha Kiswahili vichwa vya mada vya Kiingereza, kwa hiyo kitabu kuhusu uvuvi kilichoandikwa kwa Kiswahili kitapatikana kwa neno "uvuvi" katika kichwa chake, au kwa mada ya "Fishing", lakini anayeandika "fishing" kama neno la kawaida katika uga wa kichwa cha kitabu hatakiona. Msomaji asiye mzoefu wa Kiingereza hukwama kwenye mada. Msomaji wa kigeni hukwama kwenye maneno. AGROVOC imejaribu kuziba pengo hili: inapatikana katika lugha zaidi ya 40, Kiswahili kikiwa miongoni mwao, ingawa istilahi za Kiswahili zilizomo bado ni chache zikilinganishwa na za Kiingereza.

Makala za Kiswahili katika majarida kama Kioo cha Lugha hazina orodha rasmi nyuma yake zinapopatikana kupitia AJOL, hivyo hapo maneno hayana mpinzani. Lakini kile kinyota nilichokisifu hapo juu kinageuka kuwa bure. Kilibuniwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mkiani, na Kiswahili hubadilika kichwani. Ukiandika "fundish*" utapata "fundisho", ila utakosa kufundisha, ufundishaji, mafundisho na wanafundisha, kwa sababu kiambishi kimekaa mbele, na kanzidata nyingi, PubMed ikiwamo, hazikubali kinyota kianze neno. Hakuna dawa isipokuwa kuandika yote: mwalimu OR walimu OR ualimu. Inachosha, lakini anayetafuta kwa Kiswahili asipofanya hivyo hupoteza nusu ya alichokuja kukifuata.

Liko na suala la mtazamo, ambalo wakutubi tunapenda kulikwepa. Jina lililoidhinishwa ni jina la aliyeidhinisha. Vita vya Mau Mau katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani vimewekwa chini ya "Kenya—History—Mau Mau Emergency, 1952-1960". Neno "Emergency" ni la serikali ya kikoloni iliyotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Waliokuwa msituni walijiita jeshi la ardhi na uhuru. Kichwa hicho kinakusanya kazi za pande zote kwa uaminifu, na kwa hilo ni chombo kizuri. Ila anayekifuata ajue kwamba ameingia kwa mlango uliopewa jina na gavana, na kwamba ni vyema atafute pia kwa maneno ambayo wapiganaji wenyewe waliyatumia.

Kueleza ulivyotafuta

Msimamizi akiuliza ulizipataje makala zako, mada hutoa jibu fupi linaloweza kurudiwa na mtu mwingine: vichwa hivi, kanzidata hii, tarehe hii. Maneno nayo yanaweza kuelezwa vilevile iwapo ulihifadhi mfuatano wako wote wenye OR na AND (yaani "na"). Kisichoelezeka ni kule kuandika hili leo na lile kesho bila kumbukumbu, na Google Scholar inachochea tabia hiyo kuliko kanzidata nyingine.

Hapa ni lazima nikiri kwamba mpaka kati ya njia hizi si ukuta. Ukiandika neno la kawaida katika PubMed bila alama za mtajo wala kinyota, yenyewe hujaribu kulilinganisha na MeSH na kuongeza kichwa kinachofaa, bila kukuuliza. Ukiweka alama za mtajo au kinyota, msaada huo huzimika. Kwa hiyo kabla ya kudai kwamba ulitafuta kwa maneno tu, fungua sehemu ya maelezo ya utafutaji uone mashine ilifanya nini hasa kwa niaba yako.

Kila njia inamfaa nani

Maneno yanamfaa anayeanza na hajui bado jambo lake linaitwaje kitaalamu. Anayefuatilia jambo jipya. Anayehitaji jina la mtu, mahali au sera fulani. Anayesoma majarida ya Afrika na matini za Kiswahili. Na mtaalamu aliyebobea ambaye visawe vya fani yake viko vidoleni. Yanamfaa pia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayehitaji makala tatu nzuri kwa ajili ya kazi ya wiki ijayo, na hahitaji kumsikiliza mkutubi akihubiri juu ya 1898.

Mada inamfaa anayepaswa kukusanya karibu kila kilichoandikwa, kama vile mwanafunzi wa uzamivu au timu inayofanya mapitio ya utaratibu. Anayeingia fani ngeni na anahitaji kuona imegawanywaje. Anayesumbuliwa na neno lenye maana mbili. Na anayesoma kwa lugha ambayo si yake. Kundi hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote kwetu. Anayekijua Kiingereza cha darasani peke yake hawezi kukisia visawe sita vya chandarua, na orodha rasmi hufanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Kulingana na hali yako

Ukiwa huna istilahi yoyote, anza kwa maneno, lakini usiishie hapo. Tafuta makala moja tu inayofanana na unachokitaka, fungua rekodi yake kamili, ushuke chini hadi kwenye vichwa vya mada, ubonyeze kile kinachofaa. Kwa hatua hiyo umetoka lugha ya mwandishi ukaingia ya mfaharasishaji bila kufungua orodha. Katika katalogi ya vitabu, ikiwamo ile ya Koha inayotumiwa na maktaba nyingi za vyuo, vichwa hivyo ni viungo vinavyobonyezeka.

Ukiwa unaandika sura ya mapitio ya kazi tangulizi, tumia njia zote mbili katika mfuatano mmoja na uziunganishe kwa OR, ili moja ikamate kilichoiponyoka nyingine.

Ukiwa na matokeo elfu kadhaa yasiyosomeka, hamia mada, na ikiwezekana mada kuu. Usianze kwa kuchuja kwa mwaka: utafupisha orodha kwa kutupa cha zamani, na si kwa kutupa kisichohusika.

Ukiwa unatafuta historia, siasa au fasihi ya Afrika Mashariki, anza na mada katika katalogi ili upate vitabu vya lugha zote, kisha nenda JSTOR na AJOL kwa maneno, ukiandika tahajia za zamani na za sasa pamoja.

Ukiwa ndani ya kanzidata isiyo na vichwa vya mada, usipoteze muda kuvitafuta. Chukua visawe kutoka orodha ya kanzidata nyingine inayokaribiana nayo. MeSH na ERIC hufunguka bure kwa yeyote, na chini ya kila kichwa huonyesha majina mengine ambayo watu huyatumia kwa jambo hilo. Majina hayo ndiyo maneno yako.

Na ukipata sifuri, kama yule mwanafunzi, usiongeze neno. Punguza. Tulianza naye kwa kufuta "factors affecting" na "among", ambayo hayatafuti chochote. Vilibaki vitu vitatu: chandarua, ujauzito na Temeke. Kwa chandarua tulichukua kichwa cha MeSH na kukiunganisha na maneno ya waandishi. Kwa ujauzito tukafanya hivyohivyo. Mfuatano ukawa ("Insecticide-Treated Bednets"[Mesh] OR bednet*[tiab] OR "bed nets"[tiab] OR "mosquito nets"[tiab]) AND ("Pregnancy"[Mesh] OR pregnan*[tiab]). Hapo [Mesh] huonyesha kichwa cha mada, na [tiab] neno lililomo katika kichwa cha makala au ikisiri. Temeke tuliiondoa, tukaweka Tanzania. Ukurasa ulipojaa, alishusha orodha taratibu hadi chini, akasimama kwenye makala ya nne, akaniomba kalamu.